Maji ya Kumkandia Saady

Katika gari la abiria, Noah iliyotoka Kibondo kwenda Kasulu, Mzee Saady alikaa kati ya wanawake wawili waliokuwa wakimbishania kana kwamba ni mzigo. Ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umemkausha uso na kumnyang'anya sauti. Masikio ulimwachia.

"Huyu maumivu hasikii," mkewe Zuleha alisema. "Kila jioni namkanda kwa maji ya moto, hakunji uso hata kidogo. Basi nayazidisha moto."

"Mama, uso ndio umekauka. Mwili unasikia," alijibu Nsimire, Mkongomani anayehudumia wagonjwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. "Mwenyewe umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Miaka thelathini nimeishi naye. Angeumia ningejua."

Saady alikuwa na neno moja tu, "yanaunguza", na alikuwa akilisukuma tangu waondoke stendi. Lilikuwa limefika kwenye ulimi gari liliposimama Makere na Nsimire akashuka, bado akitikisa kichwa.

Midomo ya Saady ikacheza. Zuleha aliiona, akamshika mkono kwa huruma.

"Umechoka, baba Shadia. Tukifika tu, nabandika maji."