Mama Emilia Ocokoru, Aliyeshona Shati la Mpanda Farasi

Mama Emilia Ocokoru alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Adumi, Ayivu, karibu na Arua kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Acidri na mkewe, wakulima wa muhogo na tumbaku.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hadi mwaka 1959. Huko masista walimfundisha kushona, na tangu siku hiyo cherehani haikumtoka moyoni. Wenzake walipokwenda kucheza yeye alibaki ndani akikanyaga mashine, mpaka sista mmoja akawa anamtoa nje na kufunga mlango kwa ufunguo ili naye apate kukimbia kidogo.

Mwaka 1964 alimfuata kaka yake Robert, aliyekuwa mpishi Nairobi, akapata kazi katika duka la fundi aliyeshona mashati ya hariri ya wapanda farasi wa mashindano. Siku moja mwaka 1967 alikuwa anatandaza kitambaa kilichokatwa, akacheka. "Hii shati iko ya mtoto gani?" aliuliza.

"Ya mimi," alijibu mtu aliyesimama mlangoni, mfupi, amevaa buti ndefu. "Na wewe unatoka Arua. Hiyo Kiswahili yako, mimi najua."

Huyo alikuwa Yengi, kijana wa Kuluba, Koboko. Desemba ya mwaka uliofuata alishinda mbio kubwa, jina lake likaandikwa magazetini, na mwenye farasi akampeleka studio kupigwa picha. Ndiyo ile ambayo wengi wenu mmeiona sebuleni kwake Oli, mjini Arua, ndani ya fremu nyeusi: Yengi amesimama wima, kofia kichwani, fimbo kwapani, kidevu juu. Wageni walimsifu Yengi. Mama alisubiri wamalize, kisha akasema, "Sasa angalia kola. Umeona vile imelala?" Picha haina rangi, kwa hiyo watoto walimuuliza kila mara shati lilikuwa la rangi gani, naye hakuchoka kujibu: kijani, na mikono ya njano.

Walifunga ndoa kanisani Arua tarehe 12 Aprili 1969, wakajaliwa Enoch na Annet. Mwaka 1974 farasi alimwangusha Yengi, akavunjika nyonga, na kazi ikaishia hapo. Walirudi nyumbani wakakaa Oli. Mama aliweka cherehani barazani, na cherehani hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

Oktoba 1980 vita vilipofika, Yengi alimwambia aiache picha. Hakuiacha. Aliifunga katikati ya mablanketi, akambeba Annet mgongoni, akamshika Enoch mkono, wakaingia katika msururu wa watu waliokuwa wakikimbilia Zaire. Kabla ya mpaka palikuwa na kizuizi. Askari, waliokuwa wakiwasaka maafisa wa jeshi la serikali iliyoangushwa, walifungua mzigo, na mmoja akainua fremu juu.

"Buti. Kofia. Fimbo ya afisa," alisema. "Bwana yako iko kapteni!"

"Hapana, afande," Yengi alisema. "Mimi ilikuwa napanda farasi tu. Ya mashindano."

"Farasi iko wapi? Muongo wewe. Panda, tuone!"

Pale hapakuwa na farasi, palikuwa na gunia la muhogo. Yengi akapanda juu yake, akakunja magoti, akainama mbele kama zamani. Ile nyonga ilikuwa inatetemeka. Askari walimtazama bila kucheka, na mmoja wao alikwisha kumwelekezea bunduki. Ndipo Mama alipopaza sauti, kama watangazaji wa mbio katika redio ya Nairobi: "Anakuja! Yengi anakuja! Anapita upande ya ndani! Wamemwachia njia! Yengi! Yengi!" Annet alilia mgongoni, lakini Mama hakuacha kutangaza. Askari mmoja akaangua kicheko. Mwingine akaanza kupiga kelele, "Chapa! Chapa hiyo farasi!" Mkubwa wao akaipiga fremu kwa kitako cha bunduki, kioo kikapasuka, akasema, "Toka hapa. Peleka farasi yako Zaire."

Walipovuka, Yengi aliketi pembeni mwa njia akalia. "Nilikuambia uache hiyo kitu," alisema. Mama alikaa karibu yake, akaanza kutoa vipande vya kioo, kimoja kimoja, asilichane shati lililo pichani.

Kisa hicho kilisimuliwa sana katika ukoo, na watu walicheka. Mama alikuwa anacheka nao mpaka pale pa gunia, halafu anarudi kwenye cherehani yake.

Walirudi Oli mwaka 1986. Mama alishona sare za shule na kanzu za kwaya, akawafundisha kazi wasichana wengi. Yengi alifariki tarehe 3 Juni 1998, akazikwa Kuluba. Mwaka 2016 alikuja Agnes Keji kutoka Sudan Kusini, na mikononi hana kitu ila picha ya mumewe aliyeuawa. Mama hakumuuliza mengi. Alimtafutia fremu, akapiga msumari ukutani karibu na Yengi, akasema, "Weka hapa. Atapata mtu ya kuongea naye." Kesho yake akamkalisha kwenye cherehani.

Februari mwaka huu wa 2025 Mama alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Alilazwa hospitalini Arua, akauguzwa na Annet na Agnes Keji. Wazee walipokuja wakasema picha ya Yengi iwekwe kwenye jeneza lake, alikataa, ulimi ukiwa mzito. "Msizike picha. Yengi mwenyewe iko kule tayari. Hiyo ni ya nyinyi." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na miaka 79, Annet amemshika ule mkono uliobaki na nguvu.

Ameacha mwanawe Enoch, binti yake Annet, binti wa moyo wake Agnes Keji, wajukuu saba, akiwemo Sandra aliyeshona nguo ambayo Mama amevalishwa leo, na mafundi wengi wa Arua na Koboko waliopitia mikononi mwake.

Leo tunamlaza Kuluba, ubavuni mwa mume wake. Mungu ampokee Mama Emilia na ampe amani. Kazi aliimaliza vizuri.