Digrii ya Kaluki na Simiti ya Baba Yake

Kona hiyo inaitwa Kwa Simiti. Ni duara la simiti, pana kama gurudumu la trekta, katikati ya ghorofa tatu za kukodisha huku Gatina, na kandokando yake kuna mbao mbili zilizolazwa juu ya matofali. Katikati ya duara ndipo Mourine huweka jiko la kahawa ya tangawizi ya shangazi yake Sella. Chini ya simiti kuna kisima cha zamani, lakini watu wanakikumbuka kisima hicho kama mtu anavyokumbuka jino lililong'olewa. Jumamosi hiyo ya mwezi wa saba baridi ilikuwa imefanya mchana uonekane kama alfajiri iliyochelewa, na moshi wa jiko ulipanda polepole, ukapita madirisha ya ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukaenda kupotea kati ya nguo zilizoanikwa juu kabisa.

Mourine alikuwa na miaka kumi na saba na kazi mbili. Ya kwanza ni kumimina kahawa. Ya pili alipewa asubuhi na rafiki yake Kaluki, ambaye walikaa dawati moja hadi kidato cha pili, Mourine alipoacha shule. Kaluki alikuwa ameitwa chuo kikuu kusoma afya ya jamii pamoja na historia, digrii moja. Saa kumi na moja jioni mtandao ungefungwa, na nafasi ambayo haikukubaliwa ingeenda kwa mtu mwingine. Kaluki alikuwa saiba, kwenye duka la intaneti, simu mkononi, na alikuwa ameapa kwamba hatabonyeza bila baba yake kusema sawa. Baba yake alikuwa hapa, kwenye ubao, kama kila Jumamosi, na kazi ya Mourine ilikuwa kumtoa hiyo sawa.

Jina lake Kilonzo. Kijiweni anaitwa Mzee Simiti, kwa sababu duara hilo alilimwaga yeye mwenyewe akiwa kijana.

— We Mourine, alisema, mbona leo kikombe changu kimejaa mpaka mdomoni? Unataka nini?

— Nataka useme sawa, Baba Kaluki.

— Sawa ya nini?

— Ya ile kozi.

— Hiyo kozi sasa imenifuata mpaka kwa kahawa.

— Kozi gani? aliuliza Breki. Breki ni Naftaly, mwendesha boda aliyezaliwa Kibera, na jina alipewa kwa sababu pikipiki yake huonekana imesimama kuliko inavyoonekana ikienda.

Mourine akaeleza. Breki akafikiri.

— Digrii moja, mambo mawili ndani. Ni kama simu ya laini mbili.

— Na simu ya laini mbili huisha chaji haraka, alisema Kilonzo. Mimi nataka kitu nikitaja kanisani watu waelewe. Nikisema binti yangu ni nesi, kina mama wote wanatingisha kichwa. Nikisema ni historia na afya, wataniuliza, anatibu watu waliokufa?

— Na hao watu wa afya nawajua, alisema Shiru, ambaye huuza sukuma wiki hatua tatu kutoka kwenye ubao na husikia yote bila kugeuka. Mwaka jana walikuja wakaniambia nihamishe meza iondoke kando ya mtaro. Hiyo ndio afya. Historia ni vile mimi sijasahau.

Wakacheka. Kilonzo pia alicheka, na Mourine akaona hiyo si dalili nzuri. Mtu akishacheka juu ya jambo, huliweka chini na kuendelea na safari yake.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Kaluki alikuwa ameandika: *Amesema?*

*Bado,* Mourine akajibu.

— Nyinyi hamjaelewa, alisema Wepukhulu. Huyu ni fundi viatu, na anaitwa Bulletin, kwa sababu redio yake ndogo hukaa sikioni tangu asubuhi. Akaendelea: hiyo kozi ni muhimu sana. Serikali inataka kujua ugonjwa ulianzia kwa nani. Unachukua kikohozi cha leo, unakifuata nyuma. Huyu alipata kwa yule, yule kwa mwingine, mpaka unafika kwa mtu wa kwanza kukohoa.

— Halafu? aliuliza Kilonzo.

— Halafu anashtakiwa.

— Amekufa, Bulletin.

— Familia yake si iko?

— Zii, sivyo, buda, alisema Breki. Mimi naona hivi. Ugonjwa ni kama mpangaji. Akifukuzwa anaacha godoro kwa nyumba. Anasema, nitarudi kuchukua. Kule Kibera nyanya yangu alikuwa anakuonyesha mlango, anakwambia, huyu hurudi hapa, halafu anaruka ile nyumba, anaingia pale. Kama ana funguo. Sasa Kaluki anaenda kusomea godoro.

— Godoro, alisema Kilonzo.

— Mahali liko.

Mourine alikuwa akipuliza makaa, lakini hapo akaacha. Maneno ya Breki yalimwingia kama joto la kikombe linavyoingia kwenye viganja. Alimwona Kaluki kwenye chumba chenye madirisha marefu, mwanga umelala mezani kama paka. Mbele yake kulikuwa na daftari kuukuu la daktari fulani aliyekwishasahaulika, aliyeandika majina ya wagonjwa wa mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba, kwa mwandiko mwembamba. Kaluki alisoma jina, akaangalia ramani, akaweka kidole. Akasoma jina lingine. Na kila alipoweka kidole, mlango mmoja ulifunguka taratibu mahali fulani mjini, mtu akachungulia nje, akasema, ndiyo, tulikuwa hapa.

Somo la mwisho la Mourine shuleni lilikuwa la historia. Mwalimu alisema, "Na sababu ya watu hawa kuhama ilikuwa," kisha kengele ikalia. Wiki iliyofuata mama yake alilazwa hospitalini, na Mourine akaja kwa shangazi. Sentensi hiyo ilibaki hapo, mguu mmoja hewani.

— Baba Kaluki, alisema, barua ya chuo niliisoma yote. Wanasema mtu akijua watu waliishije, walikunywa nini, walihama lini, atajua ni kwa nini waliugua. Na wanaoishi hapo sasa hawataugua tena.

— Barua inasema hivyo?

— Inasema kwa Kiingereza.

Kilonzo alizungusha kikombe mikononi. Mikono yake ilikuwa na mistari myeupe ya simiti ambayo haijawahi kutoka, hata siku ya Pasaka.

— Mourine, mimi si mtu mbaya. Nimejenga nyumba za watu miaka karibu thelathini. Ukiniita kupiga plasta, nakuja na kazi moja, inaonekana. Mtoto wangu atarudi na kitu siwezi kukishika. Nitamwambia nini mtu akiniuliza anafanya kazi gani?

Bulletin alipunguza redio na kutangaza kwamba ilikuwa saa kumi na nusu.

Ndipo Okoth alipotokea. Hawakumjua. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, sururu begani, kamba imezungushwa kiunoni, na alisimama kando ya ubao kama mtu aliyefika nyumba ya watu wakati wa chakula.

— Niaje wazee. Samahani. Naitwa Okoth, mimi huchimba visima. Landilodi mpya wa hizi ghorofa amenituma. Mfereji haujatoa maji wiki ya tatu sasa, amesikia hapa kuna kisima. Nataka kufungua.

— Hapa ni kijiwe, alisema Bulletin.

— Naona. Lakini chini ni kisima. Nani alikifunga?

Wote wakamwangalia Kilonzo, naye akanyoosha mgongo.

— Ni mimi. Mifuko mitatu, na nondo ndani. Angalia kama ina ufa.

— Haina. Ni kazi safi, mzee. Okoth alishusha sururu, akaiegemeza kwenye paja. Sasa, kilifungwa kwa nini?

Swali lilikuwa dogo. Breki alilirukia mara moja.

— Mtoto wa mtu alianguka.

— Ilikuwa mbuzi, alisema Shiru. Hakuna mtoto alianguka.

— Maji yalikuwa na chumvi, alisema Bulletin. Sabuni ilikuwa inakataa kutoa povu.

— Si landilodi wawili walikosana? Breki alijaribu tena.

— Nakumbuka watu wakibebwa na mkokoteni, alisema Shiru, na sasa alikuwa amegeuka. Nilikuwa mdogo. Ilikuwa mvua ile ya El Nino. Lakini sijui kama ni hiki kisima, ama ni kile cha kule chini.

Okoth aliwasikiliza mmoja baada ya mwingine, akiinua kidole kwa kila jibu, mpaka vidole vya mkono mmoja vikaisha.

— Nauliza kwa sababu hii. Kama ni mbuzi, nafungua leo. Kama ni chumvi, nafungua, watu wafulie nguo. Kama ni ugonjwa, mimi siwezi kuvuta hayo maji na kuyapeleka kwa ghorofa tatu zenye watoto. Mzee, wewe ndiye ulikuwa hapa. Uliziba nini?

Kilonzo alifungua mdomo. Mourine aliona jibu likimjia, likafika karibu kabisa, kisha likarudi.

— Alikuja jamaa na kofia na faili, alisema hatimaye. Akaniambia, ziba leo. Nikaziba.

— Alikuwa wa kaunti? Wa kanisa?

— Kaunti haikuwa wakati huo.

— Hukumuuliza?

— Nilikuwa kijana. Wingu lilikuwa limefunga, nilitaka simiti ishike kabla ya mvua. Aliweka kikombe chini. Lakini niliandika. Mimi huandika kwa kazi yangu. Iko hapo chini ya jiko.

Mourine alinyanyua jiko kwa kitambaa na kuliweka pembeni. Palikuwa na jivu la miaka, limeshikana kama udongo. Hakukuwa na maji ya kumwaga ovyo wiki hizo, kwa hiyo alichukua birika, akamwaga kahawa iliyobaki. Jivu likasogea. Kahawa ikatafuta njia, ikaingia kwenye mifereji midogo iliyochorwa zamani kwa ncha ya mwiko, na herufi zikajitokeza moja moja, nyeusi, zikitoa mvuke kwenye ile baridi.

KILONZO. 1998.

Shiru alisoma kwa sauti. Kisha akazunguka duara lote ameinama, akitafuta kama kuna mstari mwingine. Alirudi alipoanzia.

— Umeandika nani, na umeandika lini, alisema.

Kilonzo alikuwa amechuchumaa, kidole chake kikipita ndani ya jina lake, herufi kwa herufi, kama mtu anayepapasa ukutani gizani akitafuta swichi. Kidole kilifika mwisho wa nane, kikaendelea kidogo kwenye simiti tupu, kikasimama hapo.

Simu ya Mourine ikatetemeka. *Dakika saba.*

Mourine aliigeuza simu ili mwanga wake umfikie Kilonzo usoni. Mzee alisoma, akajifuta kidole kwenye suruali.

— Mpigie.

Iliita mara moja tu.

— Kaluki. Ni baba. Uko hapo saiba? Sawa. Hiyo ya mambo mawili, bonyeza. Hapana, sijalazimishwa na mtu. Bonyeza kwanza, tutaongea nyumbani.

Alimrudishia Mourine simu. Upande wa pili ulikuwa bado wazi, na Mourine alisikia kelele za saiba, kiti kikiburutwa, kisha Kaluki akivuta pumzi, pumzi ndefu sana, kana kwamba tangu asubuhi alikuwa chini ya maji.

— Sasa mimi? aliuliza Okoth. Nichimbe ama nisichimbe?

— Ngoja, alisema Kilonzo.

— Nimwambie landilodi nangoja nini?

— Kuna mtu anaenda kutafuta sababu.

— Na maji? aliuliza Shiru.

— Tutaendelea na mitungi. Si ndio tunafanya?

— Huyo mtu atarudi lini? Okoth aliuliza.

Kilonzo alimgeukia Mourine.

— Hiyo kozi ni ya miaka mingapi?

— Minne.

Okoth aliangalia sururu, akaangalia wale wazee, akaangalia juu ambako nguo zilikuwa zimeanza kutikisika kwa upepo wa jioni. Kisha akalaza sururu chini ya ubao na kuketi kati ya Breki na Bulletin, nao wakasogea kumpa nafasi.

— Basi nipe kahawa, alisema.

Mourine aliinamisha birika. Likatoka tone moja, likaanguka kwenye O ya mwisho ya jina la mzee, likatulia humo.