Ndeke Itatua Wapi?

Bisi ilitoka komini ya Kenya, mtaa mmoja wa mjini, ikielekea mashambani. Mama Virginie alikuwa amepakata mfuko wa mbegu za mahindi kama mtoto mchanga, mzee wa kiti cha mbele alipomgeukia.

"Mama, ni weye njo unalima kwa uwanja ya ndeke?"

"Zamani ilikuwa uwanja, papa. Mwenye uwanja alifunga. Leo iko shamba."

"Basi nakuomba, katikati uache majani. Mutoto wangu Chance iko na mimba ya kwanza, kule Kilwa ya kando ya ziwa, kwa bwana yake. Kwetu mutoto wa kwanza anazaliwa kwa mama ya bibi, njo kusema huku kwa muke wangu. Dada yake alikuyaka na ndeke, ikatua pale pale. Sasa mvua imeanza, barabara iko matope."

"Na ndeke iko wapi? Mwenyewe aliiuzisha."

"Ndeke tutaomba kwa bengine. Lakini ukiisha kulima, itatua wapi?"

"Itue juu ya mahindi, tukule ya kuchoma!" akadakia mtu nyuma, na bisi nzima ikacheka, isipokuwa wenye shida.

"Papa," akasema Virginie, "katikati njo kuko udongo muzuri. Bichuguu yote balitandazaka pale. Batoto bangu habakulake majani."

Mzee akageuka mbele. Virginie akamwangalia shingo.

"Atazaa lini?"

"Kwa Noeli."

Mahindi yanayongoja kupandwa mpaka Noeli hutoa mabua matupu. Virginie alilijua hilo vizuri. Dereva akafunga breki. Virginie akashuka, bisi ikaondoka, naye akabaki kando ya uwanja na mbegu zake kichwani, hajui mstari wa kwanza auanzie wapi.