Tisini na Mbili kwa Dakika

Kuna jambo nimelifikiri miaka mingi bila kulipatia jibu: kwa nini mtu akishikwa na hofu nyumbani kwake huileta kwanza kijiweni, ambako hakuna anayejua lolote. Benchi letu lilikuwa nje ya kibanda cha Fundi Saa, chini ya jengo alimopanga chumba, ghorofa ya tatu. Tulikuwa wanne: Fundi mwenyewe, lenzi jichoni, Dereva, aliyeegesha teksi mbele yetu akisubiri abiria, Hakimu, karani mstaafu wa mahakama ambaye hajawahi kukubali hoja ya mtu, na mimi, mmiminaji wa kahawa. Asubuhi hiyo Fundi aliweka kibanio chake chini, akasema bila kumtazama yeyote:

— Shemeji yenu moyo unamwenda mbio. Tangu juzi. Amekaa tu kitako, unamdunda.

— Mimba ina miezi mingapi? aliuliza Dereva.

— Wa saba huu.

— Sasa wewe unashangaa nini? Gari limepakia, liko mlimani, injini isingurume? Subiri afike tambarare.

— Mke wa mtu si gari, bwana, alisema Hakimu. Hiyo ni hofu. Mimba ya kwanza ni sawa na kusubiri hukumu. Nimeona watu wazima wakitetemeka kizimbani na kosa hawana.

— Na yeye kashtakiwa na nani?

— Mama mkwe.

Tulicheka. Fundi hakucheka.

— Mimi nadhani ni mtoto, alisema. Ukitundika saa mbili za ukutani kwenye ubao mmoja, baada ya muda pendeli zake, vile vyuma vinavyobembea, huanza kufuatana. Nimeliona kwa macho yangu. Moyo wa mtoto tumboni unakwenda kasi kuliko wetu. Basi wa mama umeanza kuufuata.

Wazo lilikuwa zuri kiasi kwamba tulilionja kama kahawa mpya. Ndiyo hatari ya mawazo mazuri.

— Kwa hiyo mtoto akilala, mama naye anatulia? aliuliza Dereva.

— Anasinzia kabisa! alidakia Hakimu. Unadhani kwa nini wajawazito wanalala mchana? Na siku mtoto akitoka, moyo unarudi mwendo wake wenyewe. Kesi imefungwa.

— Jamani, Hakimu kakubali hoja! Andikeni tarehe!

— Hata hivyo nilimhesabia, alisema Fundi. Jana, dakika nzima, kidole kwenye kifundo cha mkono. Tisini na mbili. Kliniki walishatuambia wajawazito wengi hufika huko. Nikamwambia, mama, u mzima wewe, pumzika.

Nami nikamjazia kikombe kwa moyo mweupe.

Hapo alikuja mwanamke mwenye duka la vitambaa, ng'ambo ya barabara. Wiki hiyo alikuwa ameleta saa yake. Ilikuwa inakimbia, kila saa moja inajipa robo saa ya bure.

— Fundi, yangu imepona?

— Bado naipima, mama.

Fundi alikunja mkono wa shati. Fundi hupima saa za wateja kwa kuzivaa mchana kutwa, maana saa ikilala mezani haioneshi tabia yake. Siku hiyo, kama jana yake, alivaa tatu, ya yule mama ikiwamo, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, na hakuna mbili zilizoelewana. Yule mama alizitazama, kisha akamtazama yeye.

— Nimekusikia unasema umemhesabia mkeo. Ulitumia ipi?

Fundi aliutazama mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine. Saa inayokimbia huimaliza dakika kabla haijaisha, na mapigo yanayobaki nje hakuna anayeyahesabu. Hilo sote tulilijua. Tulikaa juu ya benchi lile kila siku tukilisikia kwa Fundi.

Mama wa vitambaa alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. Mimi na Fundi tukamfuata. Mkewe tulimkuta ghorofa ya pili, ameketi kwenye ngazi, ndoo ya maji kando, kiganja kifuani. Yule mama aliketi naye, akashika mkono wake, akaitazama simu mpaka dakika ikaisha.

— Mia na kumi na nane. Na umekaa. Umepumzika hapa muda gani, mwanangu?

— Kitambo. Pumzi ndiyo haitaki kurudi.

— Imeanza lini?

— Wiki sasa.

— Mbona hukusema?

Alimtazama mumewe, bila hasira.

— Nilisema juzi. Aliponiambia tisini na mbili, nikaona labda ninadeka.

Fundi alizivua zile saa, moja baada ya nyingine, akanikabidhi mimi. Kisha akamshika mkewe kwapani, wakashuka taratibu. Chini, abiria wa Dereva alikuwa ameshafunga mlango wa teksi. Aliombwa ashuke, na alipoona ni nani anayeingia, akashuka na kumshikia mlango.

Kliniki walimpima vizuri. Damu ilikuwa pungufu. Muuguzi alimwambia Fundi kwamba moyo wa mjamzito kuongeza mwendo ni kawaida, lakini pumzi ikikatika mtu akiwa amekaa, si jambo la kusubiria nyumbani. Mkewe akapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi. Ainuke polepole, alalie ubavu, aache kubeba vizito na apunguze kahawa, ile tuliyokuwa tukimpelekea kwa heshima kila asubuhi. Kifua kikiuma au akizimia, waje saa hiyo hiyo.

Benchi likaamua shemeji asibebe tena maji. Tukapanga zamu, Hakimu akaziandika kwa mwandiko wake wa mahakama. Zamu zetu zilidumu siku nne. Aliyebeba ndoo mpaka mtoto alipozaliwa ni Fundi, na kila alipofika juu alimuuliza mkewe anajisikiaje, akakaa mpaka amalize kujibu.