Shada la Novemba Mlangoni kwa Apollonia

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi ya Jumapili. Sogezeni kahawa, mketi. Leo tunamkumbuka Apollonia Steffgen, wa kijiji cha Oberwinnen, chini ya ngome ya Winnenau. Amefariki mwezi huu wa pili akiwa na miaka themanini na mmoja. Tulimzika Ijumaa. Apollonia Steffgen, wa Oberwinnen.

Jina huenda hamlijui. Nyumba yake mnaijua. Ni ile yenye kuta nyeupe na mbao nyeusi, maua mekundu dirishani, ngome imesimama juu yake kwa nyuma, na mto mbele. Iko kwenye kalenda za benki. Iko kwenye makopo ya biskuti. Mtu akitaka kulisifia bonde letu la Mosel kwa wageni, anaanza na picha ya nyumba hiyo. Na mwenye nyumba alikuwa ndani muda wote, akimenya viazi.

Alizaliwa humo humo. Alipokuwa msichana alibeba kapu la zabibu mgongoni kwenye ule mteremko wa chini ya ngome, mkali kiasi kwamba baba yake alikuwa akisema hata kuku wa huko wangehitaji breki. Mavuno hayo hayo ndiyo yaliyomleta Alfons. Kijana huyo alijikwaa, akammwagia kapu zima la zabibu kichwani. Akajitetea, "Samahani, nilikuwa naangalia ngome."

Apollonia akamjibu, "Ngome iko nyuma yako."

Walioana kabla ya mavuno mengine. Wakapata mtoto mmoja, Roswitha, ambaye sasa anaishi Hamburg. Na kila vuli walifungua sebule yao kwa wageni, kama wakulima wetu wengi wanavyofanya. Mnaujua utaratibu. Shada la matawi likining'inia juu ya mlango, nyumba iko wazi: unaingia bila kualikwa, unakaa popote penye nafasi, unakunywa mvinyo wa mwenye nyumba. Shada likishushwa, sebule imerudi kuwa ya watu wa nyumbani. Na sheria ni miezi minne tu kwa mwaka. Ikifika Novemba, mashada yote yanashuka.

Alfons alifariki miaka tisa iliyopita. Majirani nao wakapungua. Mmoja alizikwa, mwingine alihamia kwa watoto, na nyumba zao zikanunuliwa na watu wa jiji la Köln wanaokuja Pasaka na Agosti. Ni watu wazuri, sisemi. Wanapaka rangi, wanapanda maua. Lakini majira ya baridi madirisha yao yote yamefungwa. Katika mtaa wa chini, moshi ulikuwa ukitoka kwenye nyumba mbili tu. Ya Apollonia, na ya shemeji yake Kunibert, mdogo wake Alfons, ng'ambo ya kichochoro.

Kiangazi kilikuwa afadhali? Sikilizeni hii. Meli nyeupe zinatia nanga, watalii wanashuka na kamera. Siku moja Apollonia yuko dirishani anamwagilia maua. Bwana mmoja anampungia mkono kutoka chini. Apollonia naye anapunga, amefurahi. Kumbe bwana anamfanyia ishara asogee.

"Mama, unaweza kurudi ndani kidogo? Unaingia kwenye picha."

"Nimerudi, mwanangu. Ukimaliza panda juu, kahawa ipo."

"Ah, asante, meli inaondoka sasa hivi!"

Kisa hicho alikisimulia mwenyewe huku akicheka hadi akashika mbavu. Roswitha ameniambia kwamba alikisimulia kwa simu, na kwamba kicheko kilipokwisha, mama yake alisema kahawa ile aliinywa peke yake.

Sasa tufike Novemba iliyopita, maana hapo ndipo penye jambo.

Mashada yote ya Oberwinnen yalishushwa. La Apollonia lilibaki. Kunibert aliliona kutoka jikoni kwake, akajua shemeji yake amesahau. Umri umempata, akasema moyoni. Akaogopa mtu wa ofisi ya kijiji asije akapita, mama wa watu akaandikiwa faini. Basi jioni, akishafunga kuku wake, akavuka kichochoro na ngazi, akalishusha, akalificha nyuma ya kuni.

Asubuhi kulikuwa na shada jipya.

Akalishusha. Likarudi. Akalishusha tena, likarudi tena, la matawi mabichi ya msonobari. Wasikilizaji wapendwa, mzee huyu hakuwa mtu mbaya. "Nilidhani namsitiri," ameniambia. "Sikutaka watu wamcheke." Akaendelea hivyo mpaka siku Apollonia alipomfungulia mlango akiwa bado juu ya ngazi.

"Shemeji! Mbuzi gani huyo unayemlisha kwa majani yangu?"

"Apollonia, shuka... yaani, mimi nashuka. Msimu umekwisha! Umesahau?"

"Msimu umekwisha, najua. Mimi bado sijaisha."

"Na mtu wa ofisi akipita?"

"Si atabisha hodi? Nitakuwa nimepata mgeni. Faini anaweza kuiandika hapa hapa mezani, nampa na supu."

Kunibert akabaki na matawi mkononi. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kila jioni alikuwa akimfungia shemeji yake mlango kwa nje. Haya ni maneno yake mwenyewe, si yangu.

"Sasa unaingia au unaganda?" Apollonia akamuuliza.

Akaingia. Meza ilikuwa imeandaliwa. Glasi zimepangwa, viti vimefutwa, keki ya viazi iko chunguni, imetoka tanurini. Chakula cha watu kumi. Wakala wawili. Apollonia alizungumza kama mto uliovunja kingo: habari za Alfons, za zabibu zilizooza mwaka ule wa mvua, za bwana wa kamera. Wakati wa kuondoka Kunibert akamwambia, "Nitakuja kila Jumatano." Apollonia akasema, "Usiniahidi. Njoo tu."

Alikuja. Desemba nzima alikuja, na shada akaliacha mahali pake. Wakati mwingine walicheza karata na Apollonia alimwibia waziwazi.

Januari mto ukapanda. Mnakumbuka. Maji yakaingia mtaa wa chini, na mtoto wa Kunibert akamchukua baba yake kwake, juu mlimani. Apollonia alikataa kuondoka, akahamia ghorofani. Zimamoto wakamfuata kwa boti hadi dirishani.

"Bibi Apollonia, panda boti!"

"Nyinyi ndio mpande humu. Supu ni ya moto."

"Hatuna muda, bibi!"

"Kila mtu anayepita hapa hana muda. Haya, chukueni basi mkate."

Wakachukua mkate, wakaenda. Maji yakashuka, yakaacha tope. Kunibert akarudi na kuanza kusukuma tope kwenye pishi lake. Jumatano ikafika. Alikuwa amechoka, buti zimejaa maji, mgongo unauma. Akatazama ng'ambo, akaona moshi unatoka vizuri kwenye dohani. Akasema, yupo, mzima, nitakwenda Jumatano ijayo.

Alhamisi mama wa posta alimkuta Apollonia amekaa mezani, ametulia. Moyo ulikuwa umesimama jioni iliyotangulia. Jioni ya Jumatano. Karata zilikuwa zimekwisha kugawanywa.

Nimeshindwa kumfariji Kunibert. Nilijaribu. Inauma, na acha iume.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya makaburi, tulikwenda nyumbani kwa Apollonia kwa kahawa ya matanga. Roswitha alikuwa ameoka keki usiku kucha. Watu walijaa sebule, wakajaa ngazi, wengine wakanywa kahawa yao kichochoroni kwenye baridi. Watu wa Köln walikuja. Zimamoto walikuja. Hata mtu wa ofisi alikuja, amevaa tai. Viti havikutosha, na kila mmoja alimsifu marehemu kwa ukarimu wake.

Roswitha akasimama. Tulidhani atashukuru. Akatutazama, mmoja mmoja.

"Mama hakuwa na haja ya watu wote hawa," akasema. "Angetosheka na mmoja. Mimi ningeweza kuwa huyo mmoja."

Akakaa chini. Kunibert akaenda kukaa kando yake.

Kwako Roswitha, na kwako mzee Kunibert, na kwa wote wa ukoo wa Steffgen, tunawapa pole kutoka hapa studioni. Apollonia apumzike kwa amani, chini ya ngome yake.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, nawaomba jambo moja. Huwa nawasihi mbaki nami hadi mwisho wa kipindi. Leo nawasihi kinyume. Kama kuna mtu upande wa pili wa ukuta wako, au ng'ambo ya kichochoro, ambaye hujamwona tangu maji yashuke, zima redio. Usisubiri muziki. Moshi wa dohani usikudanganye. Vaa koti, kagonge mlango, na akikukaribisha, kaa.