Vikaratasi vya Vimaltai kwenye Rafu ya Vitabu vya Kweli

Tarehe 30 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, Bi Vimal Ghaisas, Naibu Mkutubi wa Maktaba ya Kuazima ya Navvachan hapa Sadashiv Peth, Pune, atakabidhi funguo za rafu ya Vitabu vya Kweli na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba na miezi kumi na moja. Kadi ya mwaliko imeandika miaka thelathini na minane. Mimi simwongezei mtu mwezi ambao hakuufanyia kazi, na yeye mwenyewe asingeukubali. Kuhusu hilo neno “Naibu”, ilitakiwa liwe “Mkuu” tangu mwaka 2014. Najua kwa nini halikuwa, nami nitalieleza, kwa sababu wanaojua ni wachache na mmoja wao ni mimi.

Alipoanza kazi tarehe 1 Agosti 1987, akiwa na miaka ishirini na miwili, rafu ya Vitabu vya Kweli haikuwa rafu. Ilikuwa kabati moja nyuma ya mlango, na wabeba vitabu walikuwa wakiliegemezea baiskeli. Wanachama walitaka riwaya na tamthilia. Katika kila vitabu tisa vilivyotoka, cha kweli kilikuwa kimoja, nacho mara nyingi ni cha dawa za mitishamba. Leo katika kila kumi, vinne vinatoka kwake: kumbukumbu za waigizaji, za wajane wa watu mashuhuri, za maofisa wa polisi waliostaafu, visa vya mauaji, safari, vita, hata historia ya reli. Wanachama walikuwa 611, sasa ni 2,380. Mengine yameletwa na nyakati. Mengi yameletwa na vikaratasi vya Tai. Tai ni dada mkubwa, na hapa kwetu hata majaji wastaafu wenye umri wa kumzaa humwita hivyo.

Kwa asiyevijua: kila kitabu kipya cha kweli kikiingia, Tai hukisoma kwanza, kisha hukata kipande cha fomu ya zamani, upana wa vidole vitatu, na kuandika maoni yake mgongoni kwa penseli. Hukiacha ndani ya kitabu, na kitabu huja chumba cha kujalidi, ambako mimi hukipa jalada gumu na kubandika kikaratasi ndani ya jalada la nyuma. Nimehesabu katika rejista yangu: vikaratasi 9,412. Hakuna gazeti la mji huu lililotoa maoni mengi hivyo juu ya vitabu, na hakuna lililotoa mafupi hivyo.

Kumbukumbu za mkuu mmoja wa polisi zilipewa haya: “Majambazi kumi na wawili, wote wamekamatwa, hakuna hata mmoja aliyetoroka. Nina wasiwasi.” Za mwigizaji mmoja wa zamani: “Waume watatu wamepewa kurasa ishirini, paka mmoja kurasa tisini. Nadhani paka ndiye aliyempenda.” Kitabu cha mauaji ya sumu, kile ambacho wanachama walijiandikisha kwenye orodha ya miezi mitano kukisubiri, alikiandikia: “Hakiwekwi chini. Lakini mwandishi anajua muuaji alikunywa chai ya namna gani, na hajui marehemu alikuwa akicheka nini. Mkimaliza, mkumbukeni marehemu.” Daktari wa moyo aliyekataza samli kwa kurasa mia mbili aliambiwa tu: “Tazameni picha ya mwandishi.” Na kile cha mjane mmoja aliyeandika juu ya mume wake mshairi, kitabu chembamba ambacho wengine walikipita, kilipata maneno manne: “Polepole. Huyu hakuwahi kuulizwa.” Kile nimekijalidi upya mara nne kwa kuchakaa.

Mezani pake alikuwa vilevile. Kila Jumamosi Bwana Joglekar, mhasibu mstaafu, alikuja kumwomba kisa cha mauaji, ila kisiwe na damu, kwa sababu humsomea mke wake baada ya chakula. Siku moja Tai akampa kumbukumbu za ndugu wawili waliogawana shamba. “Hakuna damu hata tone,” akamwambia, “lakini utalala umefunga mlango.” Jumamosi iliyofuata Joglekar alilalamika kwamba mke wake ameanza kuulizia hati za nyumba. Tai akamwazima kitabu cha ndege wa Himalaya ili wapoe.

Wasichana waliokuja kujifunza kazi aliwafundisha kanuni moja tu. Aliwaambia: ukisoma maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe, tafuta nani alimfungulia milango. Kama milango yote ilijifungua yenyewe, rudisha kitabu.

Sasa nifike kwenye jambo.

Masika ya 1997 paa letu lilibomoka upande wa kaskazini, Jumapili asubuhi, mvua ikamwagika juu ya rafu za chini. Mimi wakati huo nilikuwa mbeba vitabu, nikiendesha baiskeli nyumba kwa nyumba na mifuko miwili. Nilitoka wilaya ya Beed nikiwa na elimu ya darasa la nne, na kusoma vizuri nimejifunza humuhumu, kwenye majalada. Siku ile nilipandisha vitabu 3,900 ghorofani, ngazi thelathini na nane, vitabu ishirini na sita kwa safari, safari mia moja na hamsini. Annasaheb Pendharkar, mwenyekiti wetu, alisimama chini ya ngazi akiwa ameishikia rejista mwavuli. Sisemi kwa dhihaka. Rejista ilipona, na bila rejista tusingejua nani ana nini. Lakini mwavuli ni mwavuli.

Mwaka 2014 Annasaheb alitoa kitabu cha maisha yake. Masika yale yamo ukurasa wa 112. Ameandika kwamba “tulivipandisha”, kwamba mikono yake ilichubuka, na kwamba mgongo haukuwahi kurudi ulivyokuwa. Mgongo ni wangu.

Kitabu hicho kilifika chumba cha kujalidi Septemba, wiki ya sikukuu ya Ganpati, pamoja na vingine saba. Vijana wa mtaa walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma chini ya dirisha, nikafunga madirisha, chumba kikawa tanuri, nikawasha feni. Feni ikainua vikaratasi vyote nilivyokuwa nimevitoa vitabuni na kuvipanga mezani. Viliporudi mikononi mwangu vilikuwa saba, na vitabu vilikuwa vinane. Nikadhani kimoja kimeingia chini ya jeki ya kubania, nikaanza kuvilinganisha kwa akili. Cha samli kilijulikana. Cha reli kilijulikana. Kimoja kilisema: “Anajisifu vizuri, lakini aliyebeba mzigo hatajwi.” Hicho sikukifikiria hata kwa dakika moja. Nilikipaka gundi, nikakibandika nyuma ya kitabu cha Annasaheb, na sitaficha kwamba niliupitisha mfupa wa kulainishia mara mbili.

Hakikuwa chake. Kilikuwa cha mwizi wa sanamu za mahekalu aliyeandika kumbukumbu zake gerezani. Kitabu cha Annasaheb Tai hakuwa amekisoma bado. Alikileta kwangu bila kikaratasi kwa sababu mwenyekiti alitaka kiwekwe rafuni haraka.

Siku tatu baadaye Annasaheb alikuwa anakionyesha kitabu chake kwa wageni, hapa hapa kwenye chumba cha kusomea, mmoja wao akakifungua kutoka nyuma kama wanavyofanya wanachama wote, na akasoma kwa sauti. Wengine walicheka wakidhani ni utani uliopangwa. Annasaheb akamwita Tai mbele yao, akamwuliza kama maneno yale ni yake. Tai akakisogeza kitabu karibu na miwani. Akasema mwandiko ni wake. Akaambiwa akibandue. Akaomba apewe hadi Jumatatu.

Wakati huo Mkutubi Mkuu wetu alikuwa anaondoka, na barua ya kumpandisha Tai ilikuwa imeshapigwa chapa. Niliiona kwa macho yangu kwenye trei ya katibu, ikisubiri sahihi moja. Kila mtu alijua kwamba neno moja la kuomba radhi lingetosha. Na alikuwa na neno lenyewe tayari, la kweli kabisa: kwamba ni makosa ya chumba cha kujalidi.

Jumatatu alikuja amekisoma kitabu chote. Alisimama mbele ya Annasaheb, akasema: “Nimesoma. Kibaki.”

Barua ile haikutoka kwenye trei. Cheo kikaenda kwa Bwana Sardesai kutoka nje, ambaye sina ubaya naye. Ni mtu mwema, ila husoma riwaya tu. Jumanne Tai aliingia chumbani kwangu na kitabu cha mwizi, pamoja na kikaratasi kipya chenye maneno yaleyale, herufi kwa herufi. “Bhau,” aliniambia, kama mtu anavyomwita ndugu yake, “hiki kilikosa chake.” Akatoka. Ndipo nilipoelewa nilichofanya, na kwamba yeye alikuwa ameelewa kabla yangu.

Nilikuwa kwenye mkataba wa miezi kumi na moja kumi na moja, na mabinti wawili shuleni. Nilinyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na miezi minane, tukila chivda, mchele wa kukaanga wenye viungo, kutoka bakuli moja kila saa kumi jioni, na hakuwahi hata mara moja kulielekeza neno upande huo. Wanaosema Tai ana ulimi mkali wahesabu na huo ukimya wake.

Mwezi Mei mwaka huu, rasimu ya cheti cha kustaafu ilipokuja kwangu kuwekewa fremu, nililisoma lile “Naibu” na sikuweza kulikatia kioo. Niliomba nafasi kwenye kikao cha kamati. Wajumbe tisa, na Annasaheb, sasa ana miaka themanini na minne, bado kwenye kiti cha kati. Niliwaeleza yote: ngoma, feni, vikaratasi saba, vitabu vinane. Nikavileta vitabu viwili mezani wajionee maneno ni yaleyale. Nikaomba cheti kisahihishwe.

Annasaheb alisoma kikaratasi kimoja, akasoma cha pili. Hakuinua uso. “Kwa hiyo miaka yote hii nimemnunia Tai,” alisema, “kwa maneno aliyomwambia mwizi.”

Akaagiza Tai aitwe. Alipoingia, mzee akamwuliza kwa nini siku ile hakusema tu kwamba ni makosa.

“Makosa yalikuwa ya gundi, Annasaheb,” Tai alijibu. “Maneno hayakuwa makosa.”

Kamati ilijadili dakika arobaini. Katibu akasoma kanuni: cheo ambacho mtu hakukishika hakiwezi kuandikwa kuwa alikishika. Kwa hiyo cheti mtakachokiona ukutani siku ya sherehe kimeandikwa “Naibu”, na fremu nimeiweka mimi. Niliona ni dhuluma, na bado naona, na nimemwambia katibu nitaiandika hapa kwenye kijitabu cha sherehe hata akikata aya zangu nyingine zote. Tai aliniambia nisikunje uso, maana miaka hiyo kumi ya ukuu angeitumia kukagua mabomba ya choo, na sasa ameitumia kusoma vitabu elfu mbili na mia sita.

Lakini kikao hakikuishia kwenye kanuni. Watu walipokuwa wanakusanya karatasi zao, Annasaheb alikuwa bado ameshika kitabu chake kwa upande wa nyuma. Pembe moja ya kikaratasi ilikuwa imeinuka, maana gundi ya mwaka ule ilikuwa ya bei ya chini. Aliisukuma pembe kwa kidole, ikainuka tena. Miaka thelathini na mitano nimefanya kazi hapa na yule mzee ananiita “wewe wa baiskeli”, hajawahi kulitaja jina langu. Alikisogeza kitabu hadi upande wangu wa meza.

“Shelke,” alisema, “hiki kinaachia. Kibandike vizuri.”

Nilikipeleka chumbani, nikafuta gundi ya zamani, nikapaka mpya, nikakibana chini ya jeki usiku mzima. Mara hii niliujua ukurasa wa 112 vizuri, nilimjua mwandishi, na nilijua maneno ni ya nani. Kitabu kiko rafu ya tatu na mwanachama yeyote anaweza kukiazima.

Tai, kwa niaba ya wafanyakazi kumi na wanne na wanachama 2,380, ambao sasa watalazimika kuanza vitabu kutoka mwanzo, tunakushukuru. Nenda na macho yenye nuru, na kiti cha dirishani, na vitabu ambavyo huwajibiki kuvimaliza. Maisha yakuendee vizuri, na kila mlango ufunguliwe na mtu unayemjua jina.

Dagadu Shelke
Chumba cha Kujalidi