Dakika Arobaini za Nawafi

Sogeeni karibu, Ruba na Mutazi, wanangu, na wewe dereva wangu Nawafi usijifiche nyuma ya mlango, maana wosia huu una jina lako na pumzi yangu siku hizi ni ya kupima.

Mnajua malori yetu ya maji yamezunguka Amman nzima, kila moja na kifaa kinachotuma kila sekunde lilipo, hadi kompyuta ikashiba ikagoma. Ndipo mimi, kwa majivuno yangu, nikasema lori halina mbawa, haliwezi kutoka barabarani, basi nihifadhi zile njia panda lilipokata kona tu, yaliyo katikati niyafute. Safari ya siku nzima ikawa mistari miwili, nami nikatembea mtaani nikijisifu kama bwana harusi.

Kisha Nawafi akachelewesha maji ya arusi ya watu, bibi harusi ana sabuni usoni. Akaniambia, "Ami, kondoo wa bibi mmoja alikuwa anazaa katikati ya barabara, nikamsaidia." Nikamjibu, "Kompyuta inasema ulipita moja kwa moja." Akasema, "Kompyuta haina pua, Ami. Nusa shati langu." Sikunusa. Nikamfukuza kazi mbele ya wenzake.

Ruba ndiye aliyekifungua kifaa chenyewe cha lori, ambacho sikuwa nimekifuta, akakuta lori limesimama palepale dakika arobaini. "Baba," akasema, "umehifadhi alikopita, ukatupa saa. Njia ibane utakavyo, ila muda wa kusimama uubakize." Tangu hapo twahifadhi vyote viwili, na kompyuta haijalalamika.

Nikaenda kwao Nawafi kuomba radhi. Mama yake akanipokea mlangoni na lile shati, halijafuliwa wiki tatu. "Nusa kwanza, ndipo uingie." Nilinusa, wanangu. Ugonjwa huu nauhesabu tangu siku ile. Nikaomba radhi nimeziba pua, akarudi kazini, lakini radhi ya namna hiyo si radhi. Basi leo, mbele ya hawa, nasema hukusema uongo, Nawafi, mwongo nilikuwa mimi. Nisamehe.

Ofisi na kompyuta ni za Ruba. Malori ni ya Mutazi, lakini madereva wote wawe chini ya Nawafi, na dereva akieleza jambo, msikilizeni kabla ya kutazama kioo cha kompyuta. Nizikeni karibu na mama yenu, msinitenge... Inueni mto kidogo... Mungu awape umri, awape mvua ya kutosha, awa... awapatanishe kila mtakapo... Mutazi! Rudisha funguo za malori mezani, bado sijafa.